Bima ya Duka, Fidia ya Fundi

Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 10, 2021. Moto wa namna hiyo ukishazimwa, kinachoamua mfanyabiashara atalipwa nini ni yale maneno ya mkataba aliyoyapitia harakaharaka siku ya kukata bima.

Linaloumiza wengi ni bima pungufu. Tuseme duka la vitenge lina mzigo wa shilingi milioni 40, lakini mwenye duka, ili ada ya bima iwe ndogo, ameandikisha milioni 20. Moto unateketeza vitenge vya milioni 10. Yeye anadhani atalipwa zote, kwani hasara haijafika milioni 20. Sivyo. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu cha uwiano: aliyekatia bima nusu ya mali hulipwa nusu ya hasara, yaani milioni 5. Na hapo bado hakijatolewa kiasi ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe katika kila hasara.

Kwa hiyo mzigo ukiongezeka kuelekea Idi, kampuni ya bima ijulishwe siku hizohizo. Stakabadhi nazo zisilale dukani. Zikiungua pamoja na vitenge, madai yatathibitishwa kwa kitu gani?

Fidia ya mali humrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara. Friji iliyotumika miaka 8 haitalipwa bei ya friji mpya, ila kama mkataba umesema hivyo.

Mwili wa mfanyakazi una utaratibu wake. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na ni dhuluma kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Fundi seremala akikatwa vidole na msumeno wa umeme kazini, halazimiki kuthibitisha uzembe wa bosi wake ndipo afidiwe. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi.

Fundi aliyeumia, au ndugu yake, asikae kimya kwa kumwonea haya tajiri. Amjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, atunze vyeti vya hospitali, na akizungushwa aende mwenyewe ofisi ya Mfuko.