Kila Mbegu na Mahali Pake

Watoto, tazameni maharagi sokoni: mekundu, meupe, meusi, ya madoadoa. Hayatofautiani kwa rangi tu.

Katika milima ya Kivu, penye baridi na mvua, watu hulima maharagi marefu. Hayo hukwea miti iliyosimikwa shambani. Huchelewa kuiva, lakini huzaa sana. Bonde la Ruzizi lina joto kali. Huko maua mengi ya maharagi marefu huanguka bila kuzaa. Afadhali maharagi mafupi, yanayoiva upesi kabla ya udongo kukauka.

Basi, mbegu iliyojaza ghala mlimani yaweza kuleta njaa bondeni. Mlimaji mwenye akili huijaribu mbegu ngeni kwanza katika shamba dogo, wala haachi mbegu yake ya zamani.

Je, kwenu hulimwa maharagi gani? Kwa sababu gani?