Kaye isiyolowa maji

Pale Wagenia kazi ya samaki iko ndani ya maji yenyewe: miti imesimamishwa kwenye mawe ya maporomoko, vikapu vikubwa vinashushwa katika mkondo. Hesabu nayo iko kwenye kaye: nani ameleta samaki, mama gani amechukua kwa deni. Kaye ikilowa, deni linabaki maneno ya mdomo, na ndugu wawili wanaacha kusalimiana.

Kama koperative yenu iko na kompyuta, hata ya zamani, tunawapendekezea programu ndogo inaitwa Zim. Ni ya bure, haiombi intaneti, na iko pia kwa Kifaransa. Unafungua, unaandika, basi. Inahifadhi yenyewe, hivi kuran ikikatika unapoteza maneno machache ya mwisho tu. Mkiwasha sehemu ya noti za haraka, bei iliyofika kwa simu inaandikwa mara moja bila kutafuta ukurasa. Kila ukurasa ni faili la kawaida la maandishi: siku Zim haipo, hata Notepad inalifungua.

Jambo moja linatusumbua. Zim haina neno la siri. Anayewasha kompyuta anaweza kusoma madeni ya wenzake, hata kuyabadilisha! Basi wekeni neno la siri kwenye kompyuta yenyewe, na kila Jumamosi nakilini folda nzima kwenye flashi mbili, moja kwa sekretere, nyingine kwa mweka hazina. Kaye msiitupe: sahihi ya anayechukua deni bado inakaa kwenye karatasi.