Dawa ya choo kigumu haitaki pupa

Mteja aliyefunga choo ndiye anayenong'ona kuliko wote katika duka la dawa mtaani Kayole, Eastlands ya Nairobi. "Nipe kitu cha kuendesha, kifanye kazi leo leo." Muuzaji anakata vidonge vinne kutoka kwenye pakiti, anavitia katika bahasha ndogo ya kaki, na karatasi ya maelezo inabaki dukani ndani ya boksi.

Kinachotolewa hapo mara nyingi si dawa ya kulainisha choo, bali ya kusukuma: bisakodili au sena, zinazochokoza misuli ya utumbo. Bisakodili hufanya kazi baada ya saa sita hadi kumi na mbili. Hebu ifikirie ratiba hiyo kwa mpangaji wa Umoja au Pipeline anayegawana choo na majirani, kisha alfajiri akwame kwenye matatu Barabara ya Jogoo. Kidonge chenyewe humezwa kizima, tena si kwa maziwa, kwani ganda lake likiyeyuka mapema tumbo husokota.

Za kulainisha ni pole zaidi. Dokusati husaidia maji kupenya kwenye kinyesi. Laktulosi, ile sharubati tamu, huvuta maji hadi utumbo mpana, ingawa huleta gesi. Hizi huhitaji siku moja hadi tatu. Asiyejua hilo huongeza dozi jioni ya kwanza, na kesho yake anaharisha. Zote hutaka maji, na hapo ndipo Eastlands ina shida yake: mfereji ukikauka, mitungi ya lita ishirini hununuliwa kwa kuhesabu, na cha kwanza kupunguzwa ni maji ya kunywa. Halafu kuna kujizuia, maana choo cha ploti kina foleni au ni kichafu. Kinyesi kikikaa sana utumboni hunyonywa maji na kuwa kigumu zaidi.

Kwa hiyo maharagwe, githeri, sukuma wiki, papai na maji vije kwanza. Dawa ikihitajika, isizidi wiki moja bila ushauri wa daktari. Chai za kupunguza unene nazo zichunguzwe. Nyingi zina sena, na uzito unaopungua ni wa maji tu.

Kwenda haja mara tatu kwa wiki bado ni kawaida kwa watu wengi. Lakini tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika, hewa isipotoka, au ukiona damu, achana na vidonge uende hospitali, iwe Mama Lucy Kibaki au iliyo karibu nawe. Mama mjamzito aliyefungwa choo na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki asiviache kimyakimya. Amweleze muuguzi, naye atamchagulia dawa ya kulainisha inayomfaa.