Kiwanja Chenye Karatasi, Nyumba Yenye Milango Miwili

Mtu wa Kasongo akipata pesa hununua kiwanja, kisha manjanja, yaani bati za kuezekea. Ana akili, ila katikati kuna hatua inayorukwa mno: karatasi.

Sheria ya ardhi ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimama pale tu inapoandikwa kwenye sertifika ya usajili. Barua ya chifu na karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo. Mkongomani anaweza kupewa haki isiyo na ukomo, na watoto wake wakairithi. Sertifika ikishatimiza miaka 2 haitanguliwi tena. Mwenye malalamiko hubaki kudai fidia. Kwa hiyo gharama za kupima na kusajili zihesabiwe pamoja na saruji tangu siku ya kwanza, zisingojee pesa itakayobaki. Haibaki.

Sasa hesabu. Tuseme nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, pamoja na kiwanja, choo na kisima, imekula dola 3,000, na mpangaji analipa dola 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, toa dola 40 za kuziba paa na kurudishia lipu, zinabaki 180. Pesa yako itarudi baada ya karibu miaka 17, na hapo ushuru wa mapato ya nyumba bado hatujautoa. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini ongeza mlango wa pili kwenye kiwanja hicho hicho: ardhi imeshalipwa, sertifika ni ile ile, choo na kisima ni vya wote, ukuta mmoja unazishika nyumba mbili. Ukimaliza kwa dola 1,800, jumla ni 4,800 kwa mapato ya 360, na muda unashuka hadi miaka 13 na kidogo. Faida ya kupangisha iko kwenye mlango huo wa pili.

Ujenge bila haraka na bila mkopo: kiangazi hiki fyatua matofali na kuyachoma, kinachofuata piga msingi wa mawe. Kuta usizianze kama pesa ya manjanja haijatimia, maana mvua moja kubwa hula kazi ya miezi.

Halafu angalia mpangaji anakula wapi. Huko Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya wa kampuni ya Banro ulitangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi zikasimamishwa kwa sababu ya usalama. Mwenye nyumba anayetegemea mshahara wa mgodi mmoja hulala na wasiwasi wa mgodi. Mimi ningechanganya: mwalimu mlango huu, muuguzi au mchuuzi wa soko mlango ule.

Mwisho ni garanti, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji. Sheria ya 31 Desemba 2015 inakataza kudai zaidi ya pango la miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Pesa hiyo ni ya mpangaji. Ukiitia kwenye saruji, utakopa siku atakapohama. Kabla ya kumpa ufunguo, zungukeni nyumba wote wawili, andikeni hali ya kila mlango, dirisha na bati, kisha mtie saini, kila mmoja abaki na nakala yake.