Kufunga Injini ya Zamani Katika Land Rover Kuukuu

Mtu apitaye njia kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, afikapo Noonkopir, ambayo wengi huiita Kitengela, huenda akaona Land Rover kuukuu kando ya karakana, bodi yake ingali nzima, lakini haina injini. Mwenyewe yu mbioni kutafuta injini nyingine ya zamani. Kabla hajatoa fedha zake, yafaa kwanza ajilaze chini ya gari.

Sababu ni hii. Tangu Land Rover ya kwanza ilipotolewa Uingereza mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, nayo haishiki kutu kama chuma. Bali chesisi, yaani mifupa ichukuayo uzito wote, ni ya chuma kilichoundwa kama sanduku refu, tupu ndani. Wakati wa masika udongo mweusi wa nyanda zile huingia humo ukakaa na maji yake, na kutu hula toka ndani. Kwa nje utaona rangi nzuri tu. Basi gonga kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hakina mlio, au nyundo hupenya. Kisha pima kwa kamba toka pembe ya mbele ya kushoto hata ya nyuma ya kulia, na vivyo hivyo kwa pembe zile nyingine. Vipimo visipolingana, chesisi imepinda. Injini iliyofungwa juu ya chuma kilichooza yaweza kung'oka gari likiwa mwendoni, na walio ndani wakapoteza maisha.

Injini ya petroli ya lita 2 na robo, iliyoanza mwaka 1958, pamoja na giaboksi yake, hukaa juu ya mipira minne: miwili ya injini, miwili ya giaboksi. Nunua mipya. Kipande cha tairi si badala yake, wasemavyo wengine wasemavyo.

Giaboksi ikikataa kuingia, usiivute kwa kukaza bolti. Sahani ya klachi haijakaa katikati. Itoe, uiweke sawa, ndipo ujaribu tena.

Tena, mipira hiyo huzuia umeme. Hapana budi waya mnene uunganishe injini na chesisi. Usipokuwapo, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, pengine kebo ya choki, nayo huungua.

Gari likiisha kunguruma, kazi bado. Cheti cha gari kina namba ya injini ya kwanza, na badiliko hilo hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, pamoja na hati ya kununulia. Namba yenyewe imepigwa katika chuma cha injini. Inakili ikiwa ingali chini, maana ikiisha kufungwa ni taabu kuisoma.