Wito Usiofika Bujumbura

Mtu akisimama robo saa kando ya njia kuu za Bujumbura atahesabu magari ya Toyota mpaka achoke. Teksi ni Toyota, gari lishushalo ndizi kutoka milimani ni Toyota, na gari la ofisi mara nyingi ni Toyota pia. Kizazi kilichotangulia katika Afrika Mashariki kiliisifu Peugeot, ambayo aina yake ya 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Baadaye sifa ikahamia Japani. Mwenye gari hununua kile ambacho fundi wa Buyenzi anakijua hata kwa kukipapasa gizani, na ambacho vipuri vyake havina haja ya kuagizwa ng'ambo. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili, wala hatuna sababu ya kuidharau.

Hata hivyo, mapenzi hayo ya jina yamezaa dhana nyingine iliyo ya hatari, yaani kwamba gari la jina jema haliwezi kutoka kiwandani na kasoro, na kwamba kiwanda kinachotangaza wito wa kurejesha magari kimejifedhehesha.

Wito huo una maana gani? Inapogunduliwa kwamba sehemu fulani ya gari iliundwa vibaya hata ikahatarisha maisha, kiwanda hulazimika kuwaandikia wenye magari hayo wayapeleke kwa wakala, na sehemu hiyo hubadilishwa bila malipo. Marekani ilitunga sheria yake ya usalama wa magari mwaka 1966. Japani ikaanza utaratibu wake mwaka 1969. Toyota yenyewe iliita mamilioni ya magari mwaka 2009 na 2010 kwa ajili ya kanyagio la mafuta lililoweza kukwama, na tarehe 24 Februari 2010 mkuu wa kampuni, Akio Toyoda, alifika mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwa iliwapotosha wateja juu ya kasoro hizo. Je, wateja waliikimbia? La. Mwaka 2012 ilikuwa tayari imerudi kuwa ya kwanza duniani kwa wingi wa magari yaliyouzwa.

Lakini kisa kinachotugusa sisi zaidi ni kile cha Takata. Kampuni hiyo ya Japani haikuunda magari. Iliunda mifuko ya hewa inayofumuka kutoka kwenye usukani na dashibodi ili kumkinga mtu gari linapogongana. Mfuko hujazwa gesi na kikopo cha chuma chenye kemikali ya kulipuka. Takata ilitumia amonia nitrati, ambayo ni jamaa ya mbolea ya shambani, na katika vikopo vingi haikuweka kitu cha kunyonya unyevu. Kwa miaka mingi ya joto, baridi na unyevunyevu, kemikali hiyo huharibika, kisha siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka na vipande vya chuma vikamrukia dereva shingoni na usoni. Ajali yenyewe huenda ikawa ndogo, ya kuvunja taa tu. Nchini Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wameuawa hivyo, na vikopo vipatavyo milioni 67 viliitwa. Takata ilikiri hatia mwaka 2017, na mwaka huohuo ikatangaza kufilisika.

Hapo ndipo jina la gari linapokosa nguvu. Mifuko ya Takata iliwekwa katika Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na mengine mengi. Aliyeihama Honda akaenda Toyota kwa kutafuta usalama huenda alikuwa bado anakaa mbele ya kikopo kilekile. Katika Toyota zilizoitwa zimo Corolla, Vitz na RAV4, majina ambayo hapa kwetu hayahitaji maelezo.

Mjapani aliyekuwa na gari hilo alipelekewa barua. Tena tangu Mei 2018 serikali yake imekataa kuyapitisha kwenye ukaguzi magari ya wito huo yasiyorekebishwa. Lakini gari likishauzwa mnadani, likapakiwa melini hadi Dar es Salaam na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kobero, jina la mwenyewe wa kwanza limekwisha futwa, na la mwenyewe wa pili kiwanda hakilijui. Barua haina pa kwenda. Yapo yaliyorekebishwa kabla ya safari, yapo yasiyorekebishwa, na kwa macho hayatofautiki.

Kinachoyatofautisha ni nambari ya chasisi, iliyoandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Viwanda vya Japani vina kurasa za intaneti ambamo nambari hiyo huingizwa na jibu hupatikana papo hapo. Nambari hizohizo huandikwa na ofisi za ushuru kila gari linapoingia nchini. Kwa hiyo orodha ya kuwatafutia wenye magari ipo tayari, na kwa maoni yetu kazi ya kuilinganisha na orodha za viwanda haipaswi kuachiwa dereva wa teksi. Pia lipo suala la nani atalipa, maana wakala huweza kudai kwamba gari hilo hakuliuza yeye. Hilo ni la kujadiliwa na serikali na viwanda, si na mtu mmoja mmoja dirishani.

Wakati huo, mwenye gari asimruhusu fundi wa gereji ya kando ya barabara aufungue mfuko huo, maana ndani mna kilipuzi. Wala asikubali kuwekewa mwingine uliotolewa katika gari bovu, kwa kuwa nao huenda ulikuwa katika wito uleule.