Kanuni ya Boyle Kazini: Meli Inayochimba Gesi Baharini

Mwaka 2012, kisima cha gesi cha Zafarani, kwenye bahari ya kusini mwa Tanzania, kilichimbwa mahali penye kina cha maji cha zaidi ya mita 2,500. Meli ya kuchimba huinuliwa na kushushwa na mawimbi. Ikipanda, keekee ingeachana na mwamba. Ikishuka, ingeugonga na kuvunjika.

Kuzuia hali hiyo, mabomba ya kuchimbia huning'inizwa kwenye pistoni zinazoegemea hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi. Meli ikipanda, pistoni huingia ndani ya silinda, ikishuka, hutoka. Keekee hubaki mahali pake.

Kwa nini matangi huwa makubwa? Tuseme pistoni inapunguza ujazo wa hewa kwa m³ 1, jotoridi lisibadilike. Kwa P₁V₁ = P₂V₂:

(a) Ujazo ukitoka m³ 2 hadi 1, kanieneo huwa mara mbili.
(b) Ujazo ukitoka m³ 20 hadi 19, kanieneo huongezeka kwa takriban asilimia 5 tu.

Kumbuka: usiishie kutaja kanuni. Eleza kwamba kanieneo lisipobadilika sana, kani ya keekee juu ya mwamba nayo haibadiliki sana.